Majivu Chini ya Mashua ya Bati

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Idi, ng'ambo ya mto Ruvubu kule Muyinga, baba yangu alipochuchumaa mbele yangu mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza, "Umeona wapi?" Nilikuwa na umri kama wa binti yako Zuhura. Leo nina wajukuu, magoti yananiuma nikipanda kile kilima cha kutoka sokoni, na swali lile bado nalisikia.

Kaa. Weka simu chini, haitakimbia. Chai iko, na mandazi nimeyapasha moto. Nimekuita kwa neno moja tu, lakini unanijua, neno langu moja lina mkia mrefu.

Jumamosi unampeleka Zuhura Muyinga, mtoni, na zile kayaki mbili za njano alizokuazima rafiki yako wa Bujumbura. Mtapiga makasia mchana kutwa, mtalala kwenye tenti, mtaona viboko na ndege, Jumapili mtarudi. Sikukatazi. Tena nilivyosikia nilifurahi kuliko wewe, maana baba wa siku hizi akikaa na mtoto wake saa nzima bila simu ni jambo la kusimulia. Ila jana alasiri nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, na nyinyi mko uani mnajaribu yale majaketi ya kuelea. Nikamsikia mtoto anasema, "Papa, hiki kibano cha mkanda kinafunguka chenyewe." Ukamjibu, "We unajua nini? Hilo jaketi ni jipya." Akasema tena. Ukamwambia asikupigie kelele. Akanyamaza.

Kibano chenyewe sikijui, kinaweza kuwa kizima, kinaweza kuwa kibovu. Kilichoninyima raha ni kule kunyamaza kwake. Basi nisikilize, na usinikate katikati kama unavyowakata watoto.

Babu yako, mzee Ramadhani, hukumkuta. Alikuwa fundi bati hapahapa Gitega, banda lake likiwa nyuma ya soko, na ukiamka mapema ulisikia nyundo yake kabla ya jogoo. Alitengeneza ndoo, makarai, vibatari, majiko ya mkaa, na hasa arozwari, zile ndoo zenye mdomo mrefu za kumwagilia mboga. Watu wa Giheta waliokuwa na bustani za kabichi walimfuata yeye tu. Viungo vya vyombo vyake aliviunga kwa lehemu, ile risasi laini inayoyeyuka ukiigusa kwa chuma cha moto na kuganda tena ikipoa. Kiungo kikishikwa vizuri, chombo kinamzika mwenye nacho.

Kazi yangu mimi ilikuwa majivu. Baba alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa fundi mwingine. Akimaliza chombo, alitandaza majivu makavu yaliyochekechwa, akakiweka chombo juu yake, akakijaza maji, halafu akaniita. Mimi nilichuchumaa nikaangalia majivu. Chombo kikivuja, hata kwa tundu la sindano, majivu yanaweka doa jeusi. Nikisema "kavu", kinauzwa. Nikisema "bado", kinarudi mezani. Hakikuuzwa kitu ambacho sijakisemea.

Kulikuwa na mteja mmoja alimcheka. Akamwuliza, "Fundi, wewe mwenye ndevu unangoja kauli ya kitoto?" Baba akamjibu bila hata kuinua kichwa: "Macho yangu yamezoea kuona kazi yangu ni nzuri. Haya ya kwake hayajazoea." Mteja akachukua ndoo yake akaenda. Mimi nilikuwa nimebeba maji, nikajifanya sikusikia, lakini nilisikia kila neno.

Sasa nakuja kwenye mashua, maana baba alitengeneza mashua ya bati. Ilianzaje? Ilianza na padri mmoja wa misheni ya Mushasha. Alikuja bandani na mashua ya turubai, nyembamba, imefunikwa juu na kuachwa tundu la kuingia mtu kiunoni, na ndani ina mbavu za chuma. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika. Baba aliukarabati siku hiyohiyo, lakini mashua hakuirudisha siku hiyohiyo. Aliizunguka. Aliipapasa. Alipima kwa kamba urefu wake na upana wake, huku anajisemesha. Mtu wa milimani ametengeneza vyombo vya kubeba maji maisha yake yote, siku moja anaona chombo cha kubebwa na maji. Nilimwona usoni, alikuwa amependa.

Basi akaanza. Kila akipata nafasi alikata bati, akalikunja, akalilehemu, na ile mashua ikawa inakua nyuma ya banda, ndefu, yenye ncha mbele na nyuma, na matundu mawili juu, moja kubwa na moja dogo. Lile dogo alinipima mimi. Soko zima likaja kuangalia. Walisema fundi Ramadhani anatengeneza jeneza la bati, na kwamba amechoka na dunia. Kila asubuhi mtu alipita na kuuliza, "Jeneza limefika wapi?" Baba alikuwa anacheka, lakini nilijua lilimkwaruza. Alikuwa mtu mwenye jina mjini, na jina la fundi ni mali yake.

Ilipokwisha tulitandaza majivu ua mzima, tukaipandisha juu ya mawe, tukaijaza maji. Majirani walitoa majivu ya majiko yao. Nilitambaa chini yake kwa tumbo, kutoka ncha hadi ncha, na nilipotoka nimekuwa mweupe kama mzimu nikasema, "Kavu." Baba alinibeba mabegani mpaka nyumbani.

Hamisi, dereva wa lori, mtu wa Giheta, alikuwa anakwenda Muyinga kuchukua maharage. Alikubali kutupakia sisi na mashua, atushushe pale barabara inapokaribia mto, na kesho yake mchana atupitie akirudi. Alisema atapiga honi, na asipotuona hatangoja, maana maharage ni ya watu. Mama alitufungia mihogo na chumvi, akanivalisha masweta mawili, akamwambia baba maneno ambayo mtoto hasemi. Tukaondoka.

Pale mtoni alikuwa anakaa mzee aliyeitwa Bigirimana, anavusha watu kwa mtumbwi wa gogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kilitosha. Aliiangalia mashua yetu inavyong'aa, akaigonga kwa kidole ikalia, akatikisa kichwa. Hakutucheka. Alitupa mambo mawili tu. La kwanza: "Ukifika kwenye kona ya mto, gonga ubavu wa mashua. Imvubu iko ndani. Hapendi mtu aingie bila hodi." Imvubu ndiyo kiboko, kama unajua Kirundi, maana wewe na wenzako mnakisahau. La pili: "Ukiona nyasi fupi safi pembeni, pazuri kama bustani, usilale hapo. Hiyo ni njia yake ya kupandia kula."

Idi, mwanangu, siku ile. Nimefika Bujumbura mara nyingi, nimeliona ziwa Tanganyika, lakini sijaona kitu kama ule mto kutoka kwenye tundu lile dogo. Unakaa chini kabisa, maji yako sawa na kifua chako, na mafunjo yanasimama pande zote mbili marefu kuliko nyumba, vichwa vyao vimetawanyika, na upepo ukipita yanasema sss. Baba alikuwa nyuma yangu anapiga kasia kuupanda mto, na mimi mbele nina kikasia changu alichonichongea. Alipogonga bati kwenye kona ya kwanza lililia kwa sauti kubwa mpaka ndege wote wakaruka, nasi tukaogopa kuliko wao. Baada ya hapo akawa anagonga kwa ngumi, polepole, kama mtu anayebisha kwa mkwe.

Tukamwona mdiria, yule ndege mweusi na mweupe, anasimama hewani palepale akipiga mabawa, kisha anaanguka majini na kutoka na samaki. Tukamwona kenge amelala juu ya gogo, mkia unaning'inia. Tukawaona viboko, kwanza masikio tu na pua, kisha kichwa, kisha mmoja akapiga mwayo nikaona meno yake na ule wekundu wa ndani. Baba aliacha kupiga kasia. Tukatulia karibu na mafunjo, ng'ambo yao, mpaka waliposogea. Nilisikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Subhanallah." Akasema tena. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi kwa Mungu, alisali akarudi kazini, lakini siku ile alisema Subhanallah mara nyingi kuliko mwezi mzima wa Ramadhani.

Jioni jua lingali juu tuliuacha mto uturudishe, tukatua ng'ambo, tukitazamana na kibanda cha Bigirimana. Upande ule kulikuwa na bonde la majimaji ambamo korongo wenye taji hukusanyika asubuhi, wale tunaowaita imisambi, na baba alitaka niwaone. Pembeni mwa maji palikuwa na nyasi fupi safi, pazuri kweli, tukapaacha kama tulivyoambiwa. Tukapanda juu kidogo, kati ya vichuguu viwili, tukatandaza turubai.

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kosa la fundi bati, mtu mwingine asingelifanya. Palikuwa na upepo wa baridi, na sisi watu wa Gitega baridi tunaijua na dawa yake ni moto. Baba alilaza mashua ubavu ili ikinge upepo, akawasha moto wa kuni upande wa ndani. Unaniuliza, fundi hakujua kwamba lehemu inayeyuka? Alijua kuliko mtu yeyote. Lakini amekaa na moto tangu utoto, jiko la mkaa liko hapa na vyombo vyake viko pale, na jicho lake limepima huo umbali miaka yote. Aliupima vizuri hata siku ile. Alichosahau ni kwamba moto wa kuni porini hautulii kama mkaa wa bandani.

Tulilala salama. Alfajiri baada ya sala aliuchochea moto, akatenga maji ya chai, akanishika mkono tukaenda kuwaona imisambi. Sitakusimulia wale ndege, utawaona mwenyewe Jumapili asubuhi Mungu akipenda. Nitakwambia tu kwamba walikuwa wanacheza. Wanaruka wawili wawili, wanafungua mabawa, wanainamiana kama watu wanaosalimiana kwa heshima, na yale manyoya ya dhahabu kichwani yanashika jua. Baba alikaa chini kwenye umande, suruali yake ikalowa, na hakuinuka. Nilimwangalia yeye zaidi ya ndege. Sikuwahi kumwona ameacha mikono yake bila kazi.

Tuliporudi upepo ulikuwa umegeuka. Moto ulikuwa unalamba mashua kwenye ncha yake ya nyuma, bati limekuwa jeusi. Baba alikimbia akaivuta, akautazama ule weusi, akaupangusa kwa nyasi. "Ni masizi," akasema. "Masizi tu. Funga mizigo, Mwajuma."

Nikafunga. Nilipokuwa nakusanya vikombe nikaona kitu kinang'aa kwenye majivu ya moto. Punje ndogo, duara, kama choroko ya fedha. Niliokota punje kama hizo za lehemu kila siku chini ya meza ya baba. Nilijua ni nini na nilijua imetoka wapi.

"Baba," nikasema, "iko inavuja."

"Haijaingia majini bado, itavuja vipi? Panda."

"Baba, iko inavuja."

Sasa mwone baba yangu hapo, Idi, mwone vizuri, maana ndiyo sababu nimekuita. Jua limepanda. Viboko waliokwenda kula wanarudi majini, tunawasikia wanavyovuma. Lori la Hamisi litapita mchana na halitangoja. Mashua ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mji mzima umeiita jeneza, na sasa imebaki hatua moja tu, kuvuka, kupakia, kurudi Gitega na kuwafunga midomo. Na ng'ambo siyo mbali, unamwona kuku wa Bigirimana. Mbele yake amesimama mtoto wa kike mwenye masweta mawili anamwambia kazi yake mbovu. Angesema "we unajua nini", ningepanda. Ningepanda, kwa sababu alikuwa baba yangu na nilimpenda.

Alitazama mto. Akatazama barabara. Nikaona shavu lake linacheza, kama anavyofanya akikaza meno. Halafu akaweka kasia chini, akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Umeona wapi?"

Nikafungua kiganja. Akaichukua ile punje, akaiviringisha kati ya vidole. Kisha akauliza, "Tufanye nini?" Aliniuliza kweli, hakuwa ananipima.

Nikamwambia tuiweke kwenye majivu.

Tukayatandaza majivu ya moto wetu, tukaweka sehemu ya nyuma ya mashua juu yake, naye akateka maji kwa sufuria akamimina ndani. Nikalala kwa tumbo kama nyumbani. Haukupita muda, doa. Dogo, jeusi, likatambaa. Nikasema, "Bado."

Baba akasimama. Akasema, "Nimekosea. Moto niliuacha mimi." Hakuulaumu upepo, wala hakuniuliza kwa nini sikuukumbuka mimi. Maneno hayo tu, aliyasema kwa sauti ileile anayosemea bei ya ndoo.

Akajaribu kutengeneza. Alipasha ncha ya panga mpaka ikawa nyekundu, akairudisha ile punje kwenye kiungo, akaikandamiza. Lakini hakuwa na dawa yake ya kusafishia bati, na lehemu bila dawa haishiki, inateleza. Alifanya alivyoweza, jasho linamtoka. Tukamimina maji tena. Nikalala tena. Akauliza, "Je?"

Hapa nitakwambia kitu sijamwambia mtu. Nilitaka kusema kavu. Nilikuwa nauona uso wake kutoka kule chini, nilijua anatamani neno gani, na nilitamani kumpa. Doa lilikuwa dogo, jepesi, kama kivuli. Lakini aliniuliza kama anavyoniuliza bandani. Nami bandani sijawahi kumdanganya. Nikasema, "Bado, baba."

"Sawa," akasema. "Basi hatuendi."

Tukaisikia honi ya Hamisi. Ikalia, ikalia tena, tukaliona vumbi linapita nyuma ya migomba, likaenda. Baba aliliangalia mpaka likaisha. Halafu akaipindua mashua yake juu chini, akaokota kuni nene, akaanza kuipiga. Aliipiga kama ngoma, kwa mikono miwili, mlio ukajaa bonde lote. Mtu aliyekuwa anagonga kwa ngumi ili asiaibike sasa anapiga bati lake dunia nzima isikie kwamba amekwama na anahitaji msaada. Bigirimana akatoka kibandani, mkono kichwani kuziba jua, akasukuma mtumbwi.

Tulipanda kwa Bigirimana, mimi katikati. Mashua ya bati tuliifunga kwa kamba nyuma, tupu, tukaivuta. Viboko walikuwa upande wa chini, Bigirimana akapiga kasia akizunguka, hana haraka. Tulipofika katikati ya mto nikageuka kuangalia, nikaona nyuma ya mashua imezama kidogo. Nikamwambia baba. Akageuka. Haukupita muda kile kiungo kikafunguka chote, nadhani ule moto ulikilegeza kirefu kuliko tulivyoona. Maji yakaingia kwa sauti ya chupa inayojaa. Ncha ya mbele ikainuka, ikang'aa juani, na lile tundu dogo lililopimwa kiuno changu likajaa maji mbele ya macho yangu. Bigirimana akaikata kamba kwa panga ili isituvute. Ikaenda chini.

Nililia. Nililia kwa ajili ya mashua, maana nilikuwa mtoto na nilikuwa nimeitambalia yote. Baba hakulia. Alinivuta akaniweka kifuani, na nilisikia moyo wake unapiga mbio kuliko nyundo yake. Akasema, "Alhamdulillahi. Imezama tupu."

Tulirudi Gitega kesho yake juu ya gari la mkaa. Sokoni walikuwa wanatungoja, nani asingewangojea watu kama sisi? "Fundi, jeneza liko wapi?" Baba akasimama katikati yao. Ningekuwa mimi ningesema limeibiwa, au kiboko amelivunja, na wangeamini. Yeye akasema, "Liko chini ya Ruvubu. Nililichoma kwa moto wangu mwenyewe, sikuona. Mwajuma aliona. Nisingemsikiliza, mngelikuwa mnatusomea hitima." Wengine walicheka. Naye akacheka nao, akaingia bandani, akawasha jiko. Na wale waliokuwa na akili hawakucheka, walinitazama mimi. Nilisimama pale na masweta yangu mawili na uso wa masizi, na sijawahi kujiona mrefu kama siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Unadhani hadithi imekwisha? Mkia wake ni wewe. Ulipokuwa mchanga ulishikwa na homa. Nilikupeleka kwa waganga wa hospitali, wakakuangalia, wakasema mtoto mzima, rudi nyumbani. Baba yako, Mungu amrehemu, akasema turudi, hao wamesoma. Mimi nikaona shingo yako haikunjiki vizuri. Nikarudi mlangoni nikasema. Wakaniambia mama, nenda. Nikasema tena. Nilikuwa msichana mdogo, nimejifunga leso, sijui Kifaransa, na nikasema tena mpaka akatoka daktari mwingine akakushika shingo, akaita wenzake wakaja mbio. Nilipata wapi ile sauti? Kuna mtu aliwahi kuchuchumaa akaniuliza umeona wapi. Ningekuwa nimeambiwa "we unajua nini" tangu utotoni, ningekufunga mgongoni nikarudi nyumbani kimya, na leo tusingekuwa tunakunywa hii chai.

Kwa hiyo neno langu ni hili, mwanangu. Mwanao akikwambia kitu kinavuja, kinafunguka, kinatisha, usimjibu kwa umri wako. Weka kasia chini kwanza. Jishushe mpaka umfikie, umuulize ameona wapi, na ukatazame pale anapokuonyesha. Mara nyingi utakuta hamna kitu. Nenda katazame hivyohivyo, hutapungukiwa. Na siku ukikuta kipo, na kosa ni lako, sema nimekosea, mbele yake, kwa sauti ya kawaida. Hatakudharau. Mimi baba yangu nilimheshimu kwa ndoo zake zote, lakini nilimstaajabia kwa neno hilo moja, na mpaka leo nikimwombea dua namwona amechuchumaa kwenye majivu, siyo amesimama.

Wewe una mikono ya babu yako, wewe ni mtu mwema, na mtoto anakufuata kama kivuli. Ndiyo maana nakuambia, mtu mbaya nisingepoteza mandazi yangu.

Zuhura yuko nje anaosha vyombo. Amelileta lile jaketi asubuhi, liko pale kwenye kiti, sikuligusa. Mwite. Mwulize kile kibano kinafungukaje. Akuonyeshe kwa mkono wake, na wewe uvute mkanda kwa nguvu kama maji yanavyovuta. Akisema kavu, nendeni, mkawaone imisambi wanavyocheza, na ugonge kwenye kila kona. Akisema bado, Ruvubu haihami, mtakwenda Jumamosi nyingine.

Mwenyezi Mungu awatangulie njiani, awape jua la kutosha na upepo mdogo, awarudishe wote wawili mkiwa mnacheka. Akuzidishie uhai wa kumwona Zuhura naye akimpeleka wake. Na kama kuna kitu lazima kizame, kizame kitupu. Amina.

Haya, chuchumaa kabisa, nimemsikia anakuja.